Macho ya Jirani Yangu wa Meza

6 Februari

Kasuku wangu,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na umekula. Sisi tupo, tunasukuma siku. Baba yako ameamua kuziba paa mwenyewe, eti mafundi wanamzungusha. Juzi alikaa juu ya bati tangu asubuhi hadi adhuhuri, akashuka na mgongo uliogoma. Sasa paa linavuja palepale na mgongo tunaukanda. Nilimwambia kaka, umri wa kupanda juu umekwisha, akaninunia siku mbili. Ukimwandikia usimwambie nimekuambia.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya kuambiana nani amelazwa. Mengine yanataka karatasi.

Haya, lililonifanya nishike kalamu. Katika ukoo wetu mzima wewe tu ndiye unayeelewana na kompyuta, basi nisaidie. Pale masjala ya hospitali tunaandikia wagonjwa kadi kwa programu moja, ina alama ya kasha la buluu pembeni. Ilipoletwa ilikuwa na mahali pa kukuza herufi. Siku moja wakasema imeboreshwa, na mahali pale pakatoweka. Sasa herufi ni ndogo kama chawa wachanga na hakuna wa kuzigusa. Mimi sina shida. Ni jirani yangu wa meza, yule mwenye kikohozi, anasogelea kioo mpaka pua inaacha alama. Anasikitisha kumtazama.

Huyo aliyekaa kwenye kiti chake akaamua kwamba watu wote wana macho ya miaka ishirini ni mpumbavu. Ukikutana naye mwambie shangazi yako amesema.

Ni mimi,
Shangazi


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nimekula, na samahani kwa kuchelewa, na pia kwa kupiga chapa barua hii. Nimeiandika kazini wakati wa mapumziko. Mpe baba pole ya mgongo; akiuliza nani kaniambia, nitasema nimeota.

Kuhusu jirani yako. Kwanza apime macho, labda miwani itatosha. Pili, kuna njia ya kukuza kioo kizima cha kompyuta bila kuigusa programu yenyewe. Mwambieni fundi wa kompyuta wa hospitali aingie kwenye mipangilio ya kioo, atajua. Tatu, kipo kikuzio kinachofuata kishale kinapokwenda, kama lenzi. Ajaribu hivyo vyote kisha uniambie.

Huku kazi ni nyingi tu. Nimehamia chumba chenye dirisha.

Wako,
Kasuku


19 Machi

Kasuku,

Nashukuru kwa barua. Hujambo wewe na dirisha lako? Baba yako sasa anatembea wima, na amepanda tena juu ya paa. Sisemi kitu.

Tumejaribu mambo yako yote. Fundi alikuja na funguo zake kiunoni, akakuza kioo. Kila kitu kilikua: saa ikakua, kishale kikakua, picha ya maua ikakua. Programu ya kasha la buluu ikabaki vile vile, imejikunja katikati kama mtu anayesikia baridi. Ile lenzi nayo inaonyesha kipande tu. Ukiona jina huoni umri, ukiufuata umri umelipoteza jina, na kichwa kinazunguka. Na miwani jirani anayo. Daktari alimwambia miwani imefika mwisho wake.

Kinachoniudhi ni hiki. Simu yangu hii ya vitufe vilivyofutika ina mahali pa kukuza herufi. Redio ina kitufe cha sauti, na hakuna aliyewahi kuniambia nisikilize kwa sauti anayoipenda fundi wa redio. Iweje chombo kinachoandika maisha ya watu kikatae jambo dogo hivyo?

Mkuu wa masjala ameanza maneno. Anasema hospitali haiwezi kubeba makarani wasioweza kwenda na kasi, na asiyeweza ataandikiwa kustaafu kwa sababu za afya. Mimi bado miaka miwili nimalize kwa heshima yangu, niagwe kwa hotuba kama wengine, siyo kwa bahasha. Lakini hanigusi. Wenzangu wananiita Bingwa. Natoa kadi bila hata kuangalia kioo.

Usinipigie chapa tena. Barua yako jirani ndiye aliyenisomea, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na unga.

Shangazi


2 Aprili

(Barua hii haikutumwa.)

Shangazi,

Shikamoo. Sina salamu nyingine leo.

Mpumbavu unayemtafuta ni mimi.

Programu ya kasha la buluu ni yetu. Mahali pa kukuza herufi nilipatoa mimi, kwa vidole hivi. Kila mara mtu alipokuza herufi, madirisha yalivurugika na kitufe cha kuhifadhi kikazama chini ya kioo. Watu walijaza kadi nzima na wasiweze kuihifadhi. Hospitali nne zilipiga simu siku moja. Kuitengeneza vizuri kungechukua miezi, kwa sababu kila dirisha lilikuwa limechorwa kwa vipimo vilivyogandishwa, na meneja alinipa mpaka Ijumaa. Nikafanya rahisi: nikagandisha na herufi pia. Simu zikakoma. Alinisifu mbele ya wenzangu, nami nilifurahi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sikumfikiria mtu yeyote mwenye macho tofauti na yangu. Hata wewe sikukufikiria, ingawa nilijua unafanya kazi masjala. Sikuuliza mnatumia programu gani.

Na kuna jambo jingine. Ulipokuwa ukiniandikia shuleni, ukurasa wako mmoja ulikuwa na mistari thelathini. Barua ya Machi ina kurasa tano, na kila ukurasa una mistari tisa. Nimehesabu. Kama macho mabovu ni ya jirani, mbona maandishi yanayokua ni yako?

Najua ukisoma haya hutaniambia tena kitu chochote. Kwa hiyo sijui kama


28 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa mkono kama ulivyoagiza, unisamehe mwandiko, kalamu na mimi tumekuwa wageni. Miezi miwili imepita nikijibaraguza. Nilikuwa na kazi.

Nitauliza mara moja tu na usikasirike. Wewe mwenyewe unaona?

Kasuku


15 Juni

Kasuku,

Salamu zako za mstari mmoja zimefika. Kaka hajambo, paa limekubali, na mvua imeondoka kwa hiyo hatujui kama limekubali kweli.

Naona vizuri. Naandika makubwa kwa sababu nimenunua kalamu nene. Nilikufundisha kusoma juu ya meza ya jikoni kwa karatasi za kufungia sukari, wewe ukipiga kelele kila herufi mpaka majirani wakakupa hilo jina, sasa unanipima macho mimi. Haya.

Wiki iliyopita wamemwita yule karani wa dirisha la tatu. Ameingia kwa mkuu akiwa na kikombe chake cha chai, ametoka na barua, na kikombe amekisahau mle ndani. Hakuna aliyethubutu kwenda kumchukulia. Miaka ishirini na miwili amekaa pale. Alisoma namba moja vibaya, basi.

Nimechoka, mwanangu. Nikitoka kazini nakaa kwenye ngazi ya mlango dakika kumi kabla sijaingia ndani, ili nisikutane na mtu. Ni uzee tu.

Shangazi


30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa karani wenu. Nimemfikiria sana huyo mtu na kikombe chake.

Sitabishana nawe juu ya kalamu. Nakuambia tu kwamba jirani yako atapata dawa ya shida yake karibuni, kabla mwezi wa tisa haujafika. Nimegombana na meneja wangu wiki sita. Kila asubuhi aliniuliza ni wateja wangapi wameomba jambo hilo, na kila asubuhi nilimjibu kwamba asiyeona haandiki barua ya malalamiko, anaficha. Mwisho alichoka kabla yangu. Usiulize mengi, natamani iwe furaha ya ghafla.

Nalala vibaya lakini nakula.

Kasuku wako


11 Septemba

Kasuku,

Kaa kitako ndipo usome. Hapa hakuna aliyekufa, nimeanza na hilo ili usiruke mistari.

Jirani yangu wa meza haoni shida yoyote. Macho yake ni mazima kuliko kifua chake. Asiyeona ni mimi. Ni presha ya macho, mwaka wa tatu sasa. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitakwenda polepole nikitia dawa. Alisema nitaweza kufanya kazi bado, mradi tu maandishi yawe makubwa. Nilitoka pale nikarudi kukaa mbele ya programu ya kasha la buluu.

Unajua nilivyoitwa Bingwa? Nilikuwa nahesabu. Kuna kitufe kushoto kinachokurusha kutoka kisanduku hadi kisanduku. Ukianza, uko tayari kwenye namba ya kadi. Bonyeza mara moja, jina. Mara mbili, umri. Tatu ni mtaa, nne simu. Tano ni siku ya kuonana na daktari, sita ni siku ya kuchukua dawa. Kisha chapisha. Mgonjwa namwomba anitajie mwenyewe kila kitu, na tarehe anisomee kutoka kwenye karatasi ya daktari, wao wanadhani ni adabu yangu. Mwaka na nusu sijakosea hata kadi moja. Siangalii kioo kwa kuwa hakuna ninachokiona pale, ni ukungu wenye mistari.

Mwishoni mwa Agosti nikawasha kompyuta asubuhi, kikajitokeza kidirisha chenye maneno mengi. Kila mara vinajitokeza vidirisha. Nikabonyeza kiondoke, nikaanza kazi. Siku tisa nimehesabu kama kawaida. Kumbe visanduku viwili vya mwisho vimebadilishana nafasi: siku ya dawa imekuja mbele, siku ya daktari imekwenda nyuma.

Kadi mia mbili na kumi na saba, mwanangu. Watu wamekuja kumwona daktari siku ambayo hayupo. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, amekodi pikipiki alfajiri, akaambiwa arudi wiki ijayo, akaja dirishani kwangu kuniuliza amekosea wapi. Nilimjibu kwa ukali. Na yupo mzee mmoja mshona viatu, mgonjwa wa presha. Kadi yangu ilimwambia siku ya dawa bado wiki mbili, naye ni mtu wa kutii kadi. Dawa zikamwishia, akaanguka kibandani kwake na kiatu cha mtu mkononi. Yuko wodini. Mdomo umepinda upande, lakini anaongea. Nimekwenda kumwona nikamwambia ni mimi. Akaniuliza kama nimekula.

Mkuu aliniita. Nilijua ninaendea bahasha, na kikombe changu nilikiacha mezani makusudi. Fundi alikuwa mle ndani, amegundua kisa cha visanduku. Mkuu akauliza, mbele yake na mbele ya katibu: “Mama, ina maana hukuviona?” Nikasema, “Sijaona kitu kwenye kile kioo tangu mwaka juzi.” Ndivyo nilivyosema. Miaka yote nimejifunga kwa kamba, na ilikatika kwa sentensi moja.

Ndipo fundi akasema, kwa aibu kidogo, kwamba kile kidirisha nilichokifukuza kilikuwa kinatangaza kwamba sasa kila mtu anaweza kukuza herufi apendavyo. Kiliandikwa kwa zile zile herufi za chawa.

Nilicheka, Kasuku. Mkuu alidhani nimechanganyikiwa.

Nimeomba wiki tatu nizisahihishe kadi zote mwenyewe, moja moja, na kumfuata kila mgonjwa kwa simu. Baada ya hapo ataamua. Fundi amenionyesha mahali penyewe: ndogo, wastani, kubwa, kubwa zaidi. Nimeweka ya mwisho. Nimesoma kioo kizima, kila neno, mpaka yale yasiyonihusu.

Una jambo lolote la kuniambia?

Shangazi


25 Septemba

SHANGAZI,

SHIKAMOO. NAANDIKA HIVI ILI USOME MWENYEWE, JIRANI ASIKUSOMEE.

PROGRAMU NI YETU. HERUFI NILIZIGANDISHA MIMI MIAKA MITATU ILIYOPITA KWA SABABU ILIKUWA RAHISI. WEWE ULIPOANDIKA FEBRUARI NILIJUA SIKU ILE ILE, NIKAKUPA USHAURI WA KIOO NA LENZI KAMA MTU WA MBALI. NILIKUANDIKIA UKWELI APRILI NA SIKUTUMA. BARUA HIYO NIMEIWEKA HUMU NDANI, IMEKATIKA KATIKATI.

VISANDUKU NILIVIHAMISHA MIMI. HERUFI ZIKIKUA, SIKU YA DAKTARI HAIKUENEA PALE ILIPOKUWA, NIKAIBADILISHA NAFASI NA YA DAWA. ILINICHUKUA DAKIKA TANO. NILIDHANI MTU ATAONA. NA KILE KIDIRISHA NILIKIANDIKA MIMI, NENO KWA NENO, NIKAKISOMA MARA TATU KUHAKIKISHA HAKINA KOSA.

NILITAKA KUKUFURAHISHA KWA SIRI NA NIMEKUUMBUA. LAITI NINGEKUAMBIA NGOJA TAREHE FULANI, USIGUSE MPAKA USOMEWE. LAITI NAWE UNGENIAMBIA UNAHESABU. LAKINI KOSA NI LANGU ZAIDI, WEWE ULIKUWA NA SABABU YA KUOGOPA.

NIMEMWANDIKIA MKUU WENU BARUA YA KAMPUNI KUELEZA KWAMBA KOSA LA VISANDUKU NI LETU. MENEJA AMETIA SAHIHI. HAKUPENDA. NIMEPANUA NAFASI NA KUVIRUDISHA MAHALI PAKE, NA KIDIRISHA CHA TANGAZO SASA KINAJITOKEZA KWA HERUFI KUBWA KWANZA, ANAYETAKA NDOGO AZIPUNGUZE MWENYEWE.

YULE MSHONA VIATU ANAENDELEAJE? SILI VIZURI.

KASUKU


20 Oktoba

Kasuku wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mvua imerudi na paa halivuji. Baba yako anamwonyesha kila mgeni dari kavu kana kwamba ni picha ya harusi. Mshona viatu ametoka wodini na mdomo umeanza kunyooka. Nilimpelekea viatu vyangu viwili ambavyo havikuwa na tatizo lolote, akanitazama, akavipokea, akasema vitakuwa tayari Jumanne.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kwenye ngazi ya mlango, bila haraka. Umeandika makubwa mno hata mimi nilihisi unanipigia kelele, lakini asante.

Nilikuwa najua. Ile siku fundi alipokuza herufi nilisoma kila kitu, nilikuwa na njaa ya kusoma. Pembeni kuna mahali pameandikwa habari za programu, nikafungua. Chini kabisa wameorodhesha walioitengeneza, na wa tatu ni jina la babu yako lenye jina lako mbele. Nililitazama muda mrefu. Jirani akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna. Ndiyo maana nilikuuliza kama una la kuniambia. Nilitaka uje mwenyewe.

Nilikasirika, sikufichi. Nimekuita mpumbavu nawe ukanijibu shikamoo. Siku kadhaa niliona barua zako zote kama mzaha. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa nakuandikia macho yangu kwa kumsingizia mwanamke mwenye kikohozi. Hasira ikakosa mahali pa kukaa. Uchovu umebaki, lakini huo si wako.

Kadi zote mia mbili na kumi na saba nimezisahihisha. Yule mama wa mtoto nilimpigia mwenyewe kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Ana haki yake.

Barua yenu ya sahihi mkuu ameisoma. Halafu akafungua kompyuta yake mwenyewe, akaniomba nimwonyeshe pale mahali pa kukuza, akaweka kubwa, akafunga mlango. Nimebaki, Kasuku. Mpaka miaka yangu miwili iishe, na hotuba. Na sasa usikie kichekesho: masjala tupo makarani kumi na mmoja, na saba wamekuza. Saba. Miaka mitatu tumekaa bega kwa bega tukikunja nyuso, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake, na yule wa dirisha la tatu amekwenda nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Nimempelekea kikombe chake. Hakutaka kuzungumza, lakini alikipokea.

Usijiue kwa kazi, na ule. Barua yako iliyokatika nimeiweka kwenye bati la vyeti vyako vya shule. Siku ukija utaimalizia kwa mdomo.

Limebaki ombi moja, na safari hii ni la kwangu mwenyewe, si la jirani. Jana nilirudi kliniki. Daktari ameninyooshea vidole kando ya kichwa, na vingine sikuviona mpaka alipovisogeza. Orodha yenu inaishia “kubwa zaidi”, na mimi niko hapo tayari. Ongeza nyingine baada ya hiyo, mwanangu. Na usikawie.

Shangazi yako